Wodi ya wazazi niliyojifungulia: mchana nyota tano, usiku tatu

Mashosti wamenisumbua sana wanataka kujua mara hii nilijifungulia wapi na kwanini nimepona haraka, nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja. Jina la hospitali sitaji, maana na ile ya kwanza ntaisema vibaya na sitaki kesi na mtu. Zote mbili ziko hapa hapa Dar, watoto wote wawili nimezaa kwa operesheni, wa kwanza miaka minne nyuma, wa pili ana miezi mitatu na hapa kalala, akiamka mjue review imeishia hapo.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho. Tailsi zinang'aa unajiona, tv ukutani, pazia za maana, nikasema hapa ndo penyewe. Nikaruhusiwa siku ya tatu, siku ya saba mshono ukaanza kutoa majimaji, ya tisa usaha, na harufu ambayo mume wangu alikuwa anajikaza tu kukaa karibu. Wiki tatu naenda kusafishwa kidonda kila siku, bajaji kwenda bajaji kurudi, mtoto nimemwacha na dada wa kazi, maziwa yanalowesha gauni barabarani. Na antibiotiki walizonipa za wiki nzima nilimeza zote sikuruka hata moja. Kila niliyemuuliza ananiambia ni mwili wako tu mama, miili inatofautiana. Basi nikaamini nina mwili mbovu.

Hii ya pili nilienda kwa sababu ya bima, sio kwa kupenda. Rangi ukutani imebanduka, feni moja inalia kama mashine ya kusaga, na lile bango la usafi na mpangilio, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, ambalo liko kila hospitali nchi hii na sijawahi kuona mtu kasimama analisoma. Nikasema Mungu wangu nisaidie.

Cha kwanza kunishangaza kilikuwa kliniki ya mwisho kabla ya operesheni. Kule kwanza niliambiwa nije nimeshanyoa, nikanyoa na wembe usiku ule ule kama mtu anayejiandaa na sherehe. Huku sista akaniambia mama usiguse wembe, njoo hivyo hivyo, nywele zikimsumbua daktari tutazipunguza hapa na mashine. Nikadhani kakosea. Nikamuuliza, akasema wembe unakuachia mikwaruzo midogo hata huioni, vijidudu vinakaa humo vinakusubiri ukatwe, na WHO, shirika la afya la dunia, wameshaandika toka 2016 kwamba wembe usitumike kabisa. Halafu sindano ya antibiotiki nilichomwa kabla ya kupasuliwa, na nilipotoka thieta sikupewa vidonge vya wiki, mpaka mama mkwe akaanza kulalamika kwamba hawa wananibania dawa. Kumbe ya maana ni ile ya kabla, dawa inatakiwa iwe imeshaenea mwilini kisu kinapoingia, ukitoka salama hizo za kumeza siku saba hazikuongezei kitu.

Sasa huyo sista sio wa wodi. Siku ya kwanza nilimuona anapita na daftari hamgusi mgonjwa, hachomi sindano, haandiki dawa, anasimama tu karibu na mlango anaangalia mikono ya watu. Nikamuuliza mama wa kitanda cha pili, huyu ni askari au? Akacheka. Ndo anaitwa sista wa IPC, mtaalamu wa kukinga na kudhibiti maambukizi, kazi yake ni kuhakikisha ugonjwa uliokuja nao ndo huo huo unaondoka nao na sio mwingine umeokota pale pale hospitali. Kumbe alikuwa anahesabu. Kuna nyakati tano ambazo mhudumu lazima asafishe mikono: kabla hajakugusa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuweka kanula (kale kamrija ka dripu kwenye mshipa), akishagusa damu au majimaji, akishakugusa wewe, na akishagusa vitu vyako hata kama wewe hajakugusa. Hiyo ya tano ndo wanaangukia wote. Mtu anasogeza dripu, anashika kitanda, anaenda kwa mgonjwa mwingine anajua yuko safi maana hajagusa mtu.

Na glovsi! Nilikuwa naona nesi kavaa glovsi najisikia salama. Sista akaniambia, mama angalia hizo glovsi zimeshika nini. Nikaangalia. Zimeshika pazia, zimeshika simu, zimejikuna pua, zikaenda kwa mtoto wa jirani. Alimwita yule nesi pembeni, hakumfokea mbele ya watu, hicho nilikipenda mnoo, wakaongea chini chini na yule nesi akarudi anatabasamu kwa aibu akavua akasafisha mikono upya.

Kila asubuhi anauliza maswali yale yale mpaka wodi nzima tumeyakariri. Huu mpira wa mkojo bado unahitajika? Hii kanula ya lini? Tarehe imeandikwa kwenye plasta pale juu kwa kalamu, mtu hawezi kudanganya. Wangu mpira ulitolewa asubuhi ya pili, kule kwanza nilikaa nao mpaka nasahau kama ni sehemu ya mwili wangu. Boksi la sindano likifika robo tatu linafungwa linaondoka, nilimuona mhudumu anataka kusukumizia sindano ndani ya boksi lililojaa, sista alitembea haraka sikuwahi kumuona anatembea vile.

Siku moja kakaa kitandani kwangu, hapana nadanganya, kitandani hakai mtu, kavuta stuli, akanihadithia habari za daktari mmoja anaitwa Semmelweis, wa Vienna, mwaka 1847. Wodi ya wazazi, kina mama wanakufa na homa ya uzazi, Aprili ile kwenye wodi ya madaktari walikufa kama 18 kwa kila 100. Kumbe madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, ndugu yake Jik hii hii ya kufulia, mwezi wa sita vifo vikashuka mpaka kama 2 kwa 100. Wenzake wakachukia, nani anapenda kuambiwa mikono yake ndo imeua? Akaishia hospitali ya vichaa na akafa 1865 kwa kidonda kilichooza. Sista akasema kwa hiyo mimi wakininunia hapa najua niko kwenye ukoo mzuri.

Na kweli wananuna, na wa kwanza kununa ni mama mkwe wangu. Kaja na uji wake na mashangazi watatu, wanataka kukaa kitandani wote na mtoto azungushwe mikono mitano. Sista akasema shikamoo mama, karibu, ndoo ya maji tiririka iko pale mlangoni na sabuni, mkishanawa mnaingia wawili wawili na pete mvue. Mama mkwe pete hajaivua toka aolewe! Aliongea njia nzima mpaka nyumbani nilivyoambiwa. Ila kesho yake kaja bila pete, mwenyewe anawapangisha foleni mashangazi kwenye ndoo.

Haya sasa kasoro, maana nyota tano siwezi kutoa. Sista yuko peke yake na saa tisa na nusu anaondoka. Na pale vitanda ni vingi, wodi sio yetu tu, ana wodi ya watoto, ana thieta, ana kule wanakochemshia vyombo vya operesheni. WHO wanataka angalau mmoja wa kazi hiyo tu kwa vitanda visivyozidi 250, hapo sijui kama wamefikisha ila kwa jinsi anavyokimbia naona anahitaji pacha. Usiku ile wodi ni nyingine kabisa. Choo cha usiku wa pili hakikuwa na sabuni kuanzia saa mbili mpaka asubuhi, ndoo ya mlangoni imekauka, na wageni wa usiku wanaingia na viatu vya mvua hakuna wa kuwasimamisha.

Saa nane usiku kaja nesi wa zamu kuangalia mshono. Mbio mbio, katoka kitanda cha jirani moja kwa moja. Sista alikuwa ameshatuambia mgonjwa ana haki ya kuuliza, mchana ni rahisi kusema hivyo, usiku wewe umelala tumbo lina mshono na yeye ndo mwenye funguo za dawa za maumivu. Nikajikaza, samahani dada, umesafisha mikono? Akaniangalia. Akasonya kidogo, akaenda kwenye chupa ya sanitaiza ya ukutani akabonyeza, ikatoa pumzi tu, fyuu. Tupu. Tukaangaliana tukacheka wote wawili, nikatoa kachupa kangu nilikonunua duka la dawa kwa ajili ya safari, akajipaka akasugua mpaka kwenye kucha, zile sekunde ishirini kabisa, nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kama sista.

Asubuhi nikamwambia. Hakushangaa, akaandika kwenye daftari, chupa tupu, sabuni hakuna, saa nane. Alasiri kabla hajaondoka chupa mpya imewekwa, na imefungwa kamba kwenye bomba maana iliyokuwepo kabla ya ile tupu iliibiwa na mgeni.

Mshono umefunga siku ya kumi, mkavu. Sista alinipigia simu siku ya nane na tena ya thelathini kuuliza kama kuna maji, harufu, homa, maana kidonda kinaweza kuharibika ukiwa nyumbani na hospitali isijue kamwe. Kule kwanza hakuna aliyenipigia. Parking hakuna, chai ya asubuhi ni maji ya moto, beba chapati zako. Kaamka huyu.