Miezi saba na programu ya kukagua mikataba: ilichokiona na ilichokipita

Mkataba ulikuwa na kurasa 34 pamoja na viambatisho, na mteja alitaka saini kabla wiki haijaisha. Mimi natengeneza mifumo ya kompyuta, nafanya kazi peke yangu, na kusoma mikataba ndiyo shughuli niliyokuwa nikiiahirisha mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo nilipokutana na programu ya akili mnemba inayojigamba kukagua mkataba kwa dakika mbili, niliilipia siku hiyohiyo. Jina lake naliacha, maana baadaye nimejaribu nyingine mbili, na mengi nitakayoyasema yanazigusa zote tatu.

Unapakia faili, unasubiri, vifungu vinarudi vimepakwa rangi. Kijani ni salama, njano uangalie, nyekundu hatari. Pembeni kuna maelezo mafupi na maneno ya kupendekeza badala ya yaliyopo. Nikiri kwamba nilifurahi. Nilielewa kwa mara ya kwanza fidia inaachana wapi na kikomo cha dhima, yaani kiwango cha juu ninachoweza kudaiwa, bila kumsumbua mtu. Na katika kulinganisha rasimu haina mpinzani: mteja mmoja alinirudishia rasimu "yenye marekebisho madogo", programu ikanionyesha kwamba muda wa malipo umetoka siku 14 ukawa siku 45. Kwa macho yangu ningepitiliza.

Sasa kifungu cha 14 cha ule mkataba wa kurasa 34. Kilisema Matokeo ya Kazi yatakuwa mali ya mteja malipo yakishakamilika. Kijani. Nani angekilalamikia? Anayelipa anachukua kazi yake. Nilimpelekea wakili nakala kwa sababu tu nilishamwahidi, nikitarajia aniambie nisaini. Kifungu cha 14 hakukigusa. Alirudi ukurasa wa 2, kwenye tafsiri ya maneno, akaweka kidole kwenye mstari unaosema Matokeo ya Kazi ni "chochote kilichoandaliwa na Mtoa Huduma kabla au wakati wa Mkataba huu na kutumika katika Huduma".

Kabla. Nina maktaba ya msimbo, yaani vipande vya programu nilivyoviandika mwenyewe, niliyoijenga kwa miaka sita, naitumia kwa kila mteja. Yote ingehama kwa saini moja.

"Ndugu yangu, neno likianza na herufi kubwa katikati ya sentensi, rudi nyuma ukaangalia limepewa maana gani," wakili akaniambia. Programu haikurudi nyuma. Ukurasa wa tafsiri haukupakwa rangi yoyote, ulichukuliwa kama utangulizi. Tena, ukikisoma kifungu cha 14 peke yake, kweli ni salama. Ubaya ulikuwa pale ukurasa wa 2 ulipoushika mkono ukurasa wa 19, wenye kifungu cha 14. Nimerudia jaribio hilo na mikataba mingine, na kosa ni lilelile: chombo hiki hupima kifungu, lakini mkataba huumiza kwenye maungio. Haishangazi sana. Mwaka 2023 mtafiti Nelson Liu na wenzake walionyesha kwamba mifumo mingi ya lugha, ile akili mnemba inayosoma na kuandika maandishi, hutumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu kuliko iliyozikwa katikati. Na mkataba, kama tujuavyo, huzika.

Maungio mengine yako nje ya karatasi kabisa. Mkataba wangu ulisema nitafuata "sera za Mteja zilizo kwenye tovuti yake, kama zitakavyorekebishwa mara kwa mara". Programu ikasema ni kifungu cha kawaida. Haikuuliza sera hizo zinasema nini, wala nani atazirekebisha. Wakili alinikumbusha kisa cha Kanada, cha kampuni za mawasiliano za Rogers na Aliant zilizogombania mkataba wa kutumia nguzo za nyaya. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya huko, CRTC, iliona kwamba mkato mmoja katika sentensi unaruhusu mkataba kuvunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja, wakati Rogers waliamini wamefungwa pamoja kwa miaka 5. Mwaka 2007 uamuzi ukageuzwa, na kilichougeuza ni nakala ya Kifaransa, ambayo haikuwa na utata ule. Mtu aliyepakia nakala ya Kiingereza peke yake angechambua mikato mpaka asubuhi.

Kwa Kiswahili ndipo nilipochoka. Nilipakia mkataba wa pango wa ofisi. Muhtasari ulitoka umenyooka, lugha nzuri, ila mpangaji na mpangishaji walikuwa wamebadilishana viti katika aya ya tatu, na matengenezo ya paa yakawa mzigo wangu. Kwenye mkataba wa mkopo, mkopaji na mkopeshaji vilevile. Kibaya zaidi ni nakala ya skani. Mstari wa asili ulisema "amana hatarudishiwa" mpangaji akiondoka bila notisi. Skani ilikuwa na kivuli ukingoni, herufi h ikamezwa, programu ikasoma "atarudishiwa" na kunipongeza kwa kupata sharti zuri. Lugha yetu inaweza kubeba ukanushi kwenye herufi moja mwanzoni mwa neno, na chombo hakikunionya kwamba hapo hakuona vizuri. Sijui programu hizi tatu zilifundishwa kwa nyaraka gani, ila mkusanyo mmoja unaojulikana sana katika fani hii, CUAD wa mwaka 2021, una mikataba 510 ya kibiashara ya Kiingereza, iliyotokana na nyaraka za kampuni zinazowasilisha taarifa kwa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani, na wanasheria waliitia alama kwa aina 41 za vifungu. Mkusanyo mzuri tu. Mkataba wangu wa pango ungejiona mgeni humo.

Kisichoandikwa nacho hakipakwi rangi. Asiyekuwepo na lake halipo. Ningelipwa ndani ya siku 30 tangu kazi "kukubaliwa", na hapakuwa na siku ya mwisho ya mteja kuikubali au kuikataa. Angeweza kukaa na kazi mwaka mzima akisema bado anaipitia. Programu iliipa ile siku 30 kijani kibichi kabisa. Nilipouliza moja kwa moja, "Je, asipokubali wala kukataa?", ilinijibu vizuri, hata ikanitungia kifungu cha kukubaliwa baada ya siku 10 za ukimya. Lakini mpaka nifike kwenye swali hilo, si nimeshamaliza kazi mwenyewe?

Halafu kuna kujiamini kwake. Mara mbili ilinielekeza kwenye kifungu cha 17.4 katika mkataba unaoishia kifungu cha 16. Nilipoibishia iliomba radhi, ikanipa namba nyingine, nayo si sahihi. Nikiuliza "Kifungu hiki kina hatari gani?" inapata hatari tatu, kesho yake nikiuliza "Kifungu hiki ni sawa tu, au?" inakubali kwamba ni sawa tu. Huko New York, mwaka 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Wale ni watu waliosomea sheria. Mimi nimesomea kompyuta.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikutokana na uongo wa programu. Mteja wa pili alinitumia mkataba wa kurasa 11, ikanipa hoja 27. Nikazituma zote 27. Zote zilikuwa na mantiki, hakuna hata moja ya kipuuzi. Siku nne kimya. Kisha akapiga simu, sauti imebadilika, akauliza kama namwona mwizi. Hoja mbili tu ndizo zilikuwa na uzito, ya malipo na ya kuvunja mkataba; nyingine ni mambo ambayo mtu anayejua biashara angeyaacha yapite, hasa kwa mteja mdogo asiye na idara ya sheria. Chombo hakikujua tulishaelewana nini kwa mdomo, wala nani kati yetu anamhitaji mwenzake zaidi. Kilizipa hoja zote mwonekano mmoja, nami nikazichukulia hivyo. Kazi niliipata, lakini kwa kuomba.

Jambo la usiri nalisema kwa haraka kwa kuwa linaniaibisha: mikataba mitatu kati ya niliyopakia ilikuwa na kifungu kinachonikataza kumwonyesha mtu mwingine yeyote maudhui yake. Nilikuwa nimeshavunja mkataba kabla sijausaini wala kumaliza kuukagua. Siku hizi nafuta majina na viwango kwanza, na ukiwepo usiri mkali sipakii kabisa.

Bado nailipia. Naitumia kulinganisha rasimu, kukusanya tarehe, na kuandaa maswali ili nikienda kwa wakili nisitumie saa yake kuuliza maana ya maneno. Ukurasa wa tafsiri nausoma mwenyewe, kalamu mkononi.

Mwezi uliopita nilipotaka kuhuisha usajili, nilichukua masharti ya programu yenyewe nikaipa iyakague. Kifungu kinachosema ukaguzi wake si ushauri wa kisheria, kijani. Kifungu kinachosema kampuni haitadaiwa zaidi ya ada niliyolipa, hata ukaguzi ukikosea na nikapata hasara, kijani, na maelezo pembeni: "Hili ni sharti la kawaida kwa huduma za aina hii." Hapo ilikuwa sahihi. Nikalipia mwezi mmoja badala ya mwaka.