Supamaketi iliyoniuzia friji ya mamangu: nyota moja, na hiyo moja ni ya soja wa mlangoni

Naanza na ushauri ndo wenye haraka waende zao. Ukiona supamaketi imefika kiwango cha kujaza shelfu nzima na tishu za aina moja, mstari mmoja tu wa mbele na ukisukuma paketi nyuma yake ni bati tupu, wewe nunua mkate wako na maziwa, lipa, beba, ondoka. Usiache pesa yako mle ndani hata ya usiku mmoja. Usilipie kitu cha kuletewa nyumbani, usiingie ile mipango yao ya lipa pole pole, usipokee vocha, na kama una pointi kwa kadi zitumie leo hii hata kama ni za kununua kiberiti.

Waliobaki haya, vuteni viti.

Jina la duka siliandiki manake hao pesa ya kurudishia wateja hawana lakini ya wakili sidhani watakosa. Ni zile supamaketi za orofa, chini chakula, juu vyombo, magodoro na mambo ya stima, zile tulikuwa tunaenda mpaka bila kununua kitu, Jumamosi unapeleka watoto wapigwe na AC na wapande eskaleta kisha mnarudi nyumbani na soda moja. Sa hii eskaleta imesimama unaipanda kwa miguu kama ngazi, na AC ni mlango kuachwa wazi.

Sasa mamangu yuko Likoni, friji yake ya miaka ilimfia, tukachanga mimi na ndugu zangu tukapata elfu hamsini na kitu, nikatumwa mimi kununua. Kijana aliyenihudumia kule juu kusema kweli sina neno baya juu yake, mpole, kazi anaijua, akafungua milango yote, akanieleza ya barafu kutoshika na stima inakula kiasi gani, akaandika namba yake nyuma ya kadi ya waranti, akanambia anti ukipata shida yoyote usisumbuke na mtu nipigie mimi. Nikalipa na M-Pesa pale kaunta, mashine ya kadi wakasema haifanyi kazi. Risiti juu yake imeandikwa dilivari ni bure ndani ya mji.

Basi hapo kwa "ndani ya mji" ndo mambo yakaanza. Siku ya kuletewa ikapita kimya, kupiga simu naambiwa Likoni ni ng'ambo, lori halivuki feri. Nikauliza tangu lini Likoni imetolewa Mombasa, yule wa stoo akasema madam mimi sijui naona tu kwa karatasi. Ikawa kesho, kesho tena, mara lori limeenda Mtwapa, mara dereva mgonjwa. Dereva mwenyewe siku alipokuja kutokea ndo akanipa ukweli, kwamba hapewi pesa ya feri, na mafuta wanamwekea ya kufika Bombolulu na kurudi, kwa hivo mzigo wowote wa mbali anaupiga chenga mpaka mteja achoke aje na gari lake. Feri nikalipa mimi.

Na friji ikaja bila boksi! Imefungwa na nailoni ya godoro. Kufungua, mlangoni bado kuna gundi pale palipokuwa pamebandikwa bei, ubavuni imekwaruzwa, na kile kioo cha juu ya droo ya mboga hakipo kabisa. Yaani waliniletea ile ile ya maonyesho iliyofunguliwa-funguliwa na kila mtoto wa Jumamosi. Dereva akasema yeye kapewa hii, saini hapa. Nikasaini lakini nikaandika pembeni imekuja vipi, hilo fanyeni na nyinyi siku zote, andika kwa kalamu kwa ile nakala wanayorudi nayo na upige picha, manake baadaye ndo kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi.

Usiku mama akanipigia. "Mwanangu, hii friji yenu yaimba." Nikadhani ni mzaha. Nikamwambia aiweke simu karibu, aisee, kompresa inanguruma, inanyamaza, inapiga konde, inaanza tena. Wiki haijaisha maziwa yakawa yanakatika humo humo ndani.

Nikampigia yule kijana. Akapokea vizuri, akasikitika, alafu akanambia kitu ambacho nadhani wanunuzi wengi hawakijui: "Anti, mimi sikuwa wa supamaketi. Mimi ni wa kampuni ya friji, na wametutoa sote hiyo branchi." Ndo hivo. Wengi wa wale mnaowaona na fulana za kampuni wakiwauzia TV na pasi huko juu ni promota wa kampuni zenyewe, na hata huko chini wengi wa wanaopanga maziwa na sabuni ni machandaiza waliowekwa na msambazaji. Duka likianza kukaa na pesa za msambazaji miezi, anachofanya kwanza ni kukataa kuleta mali bila keshi, na watu wake anawatoa. Kwa hivo mteja unaona shelfu chafu na hakuna wa kumuuliza, unasema wafanyikazi wavivu, kumbe waliokuwa wanafanya ile kazi walishaenda na wale watano waliobaki ndo wanakimbia orofa zote mbili.

Kampuni ya friji nao nikawaendea, hawakunikatalia, wakasema tutatuma fundi, lete tu kadi ya waranti yenye muhuri wa duka. Naangalia kadi yangu, ina namba ya simu ya promota, muhuri haina.

Sasa njooni tuende kastama kea. Ile kaunta yao mnaijua, karibu na mlango, imejaa helmeti za watu wa boda, miavuli na maboksi ya mishumaa, na hapana mtu. Unasubiri. Baadaye unagundua kwamba msichana anayepima nyanya kule kwa mboga ndo huyo huyo kastama kea, akiona foleni ya nyanya imepungua anapangusa mikono anakuja. Nikamweleza yote tangu mwanzo, akasikiliza, akasema muhuri uko kwa droo ya meneja na meneja ako Nairobi kwa mkutano. Nikarudi siku nyingine, mkutano. Nikarudi tena, ametoka kidogo. Namba ya makao makuu iliyoko kwa risiti inapigwa muziki mpaka unakata mwenyewe, na WhatsApp yao inakujibu sekunde hiyo hiyo asante kwa kuwasiliana nasi, basi, hiyo ndo mara ya mwisho kusikia kwao.

Aliyenisaidia ni soja wa mlangoni, yule wa kugonga risiti. Keshanizoea sura. Akanigongea risiti ya mkate, akainama kama anaangalia mfuko, akasema: "Dadangu, meneja ndo yule wa shati la bluu anayepanga siki."

Nikageuka. Kweli kuna baba mzima pale kwa shelfu ya unga anapanga chupa za siki, moja moja, lebo zinaangalia mbele, na chini yake kile kibandiko cha bei bado kinasema unga wa mahindi kilo 2. Na nyuma yake friza la samaki limezimwa, ndani wamepanga mabeseni. Nikamwendea nikamsalimia, hakukana.

Nitamtendea haki, hakunipigia kelele. Alinionyesha tu lile bango jekundu juu ya keshia, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia baba, niliyouziwa ni mpya, hii mliyoniletea mliitoa wapi? Akanyamaza. Muhuri akanigongea hapo hapo, kumbe ulikuwa mfukoni mwake, lakini fundi wa kampuni alipokuja akakataa kuigusa, namba iliyoko nyuma ya friji si ile ya kwa kadi. Kurudi tena kwa meneja nikamwambia sasa mimi nataka pesa yangu. Pesa hakuna madam, tutakupa vocha.

Vocha yenyewe ni karatasi ya A4 imekatwa kwa mkasi, kiasi kimeandikwa kwa kalamu. Haitumiki kununua unga, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa wala kredo ya simu. Nikamuuliza kwa hivo inanunua nini? Akaangalia shelfu, mimi nami nikaangalia shelfu.

Tulikuwa tumesimama mbele ya siki.

Nikakataa, na wenye kushika vocha za namna hii nataka mjue ni kwa nini. Hii nchi si mara ya kwanza tunaona duka kubwa linakufa, tena dalili ni zile zile. Uchumi ilianza 1975, ikafungwa 2006, ikafufuliwa, 2015 ikafunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania na haijawahi kuwa ile tena. Nakumatt, iliyoanzia duka la magodoro Nakuru, ilikuwa na matawi zaidi ya 60 mpaka Kampala na Kigali, na Dar ikachukua maduka ya Shoprite 2014, mtu angekwambia itaisha ungemcheka. Kufika 2017 shelfu ni tupu na wenye majengo wanawafungia milango, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi (yule anayepewa kuendesha duka lililoshindwa na madeni), Januari 2020 waliokuwa wanaidai wakapiga kura ifungwe kabisa, madeni yamepita bilioni 30. Mwaka huo huo wa 2020 Tuskys nayo ikaanza kufungiwa matawi. Wote walikuwa na kosa moja, wanachukua mali kwa mkopo, wanauza kwa keshi, na ile keshi badala ya kumlipa mwenye maziwa wanafungulia tawi lingine.

Na likianguka kuna foleni. Benki yenye dhamana iko na vyake, gharama za msimamizi ziko juu, mishahara ya wafanyikazi na kodi zina nafasi yao. Wewe na kikaratasi chako cha mkasi uko nyuma kabisa na wasambazaji wasiokuwa na dhamana, na hao ni kampuni kubwa kubwa zina mawakili na bado wanatoka patupu. Zile kadi za Nakumatt zilikuwa kwa kila pochi Kenya hii, leo hata mlango wa kuingilia nazo haupo.

Halafu lile bango jekundu lisiwatishe. Bango si sheria. Katiba kifungu cha 46 kinasema mteja ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaostahili na ya kulipwa akipata hasara, na kuna sheria nzima ya kulinda watumiaji ya 2012. Bango linaweza kumzuia mtu aliyebadilisha nia kuhusu rangi ya pazia, si mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Ukigonga mwamba kuna mahakama ya madai madogo, hadi milioni moja, unaenda bila wakili na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Mimi nimeshawaandikia barua, nimepeleka kwa mkono nikagongewa nakala imepokelewa (muhuri siku hiyo ulipatikana haraka sana), nimeambatanisha risiti, ile nakala niliyoandika pembeni na picha za gundi. Wasipojibu naenda huko, na naenda mapema, kabla duka halijawekewa msimamizi, manake ikifika hapo kesi za kudai pesa zinasimamishwa.

Kitu kimoja cha wafanyikazi na nakiomba kwa moyo wote. Nimemwona mteja pale anamtupia keshia mkate usoni eti umeoza, keshia anafanya nini sasa? Yule msichana wa nyanya aliniambia mwenyewe mshahara unakuja nusu nusu, na siku nyingine wanaambiwa wachukue vocha, zile zile za mkasi. Sare ya kujinunulia. Na akikosea kupiga kitu kwa mashine lazima anyanyue mkono asubiri supavaiza aje na ufunguo, na supavaiza ni mmoja kwa till zote, ndo maana foleni inafika kwa mabeseni. Gombezeni shati la bluu, na hata huyo nadhani ana bosi wake Nairobi asiyepokea simu.

Nyota moja basi, ya soja. Chenji ya peremende sikuihesabu.

Wanaouliza inbox mama anatumia nini: ile inayoimba imezimwa, amegoma kuitoa, ameigeuza kabati la mchele na unga, asema panya hawaingii. Friji nyingine tumenunua duka dogo karibu na Digo Road, bei walizidisha kidogo kuliko supamaketi ila walilifungua boksi mbele yangu, wakaichomeka kwa stima wakaiacha iwake tukinywa chai, wakalinganisha namba ya nyuma na ya kadi, muhuri wakagonga bila kuombwa, na ikavuka feri kwa kanta (lori dogo) ya kijana wao kabla ya magharibi. Hao nao jina naliacha, lakini niandikie nitakuelekeza.

Na kuna dadangu mmoja wa Mishomoroni ambaye yeye vocha alishaipokea, ya elfu kumi na mbili. Mwenye kujua tawi lao ambalo bado lina sufuria au mashuka amwambie haraka, pale petu kuna siki na mishumaa tu.