Oili ya injini: umwage kila kilomita 5,000 au 10,000?

Ukiuliza gereji yoyote hapa Dodoma, utaambiwa 5,000. Ukifungua kitabu cha gari, huenda ukakuta 10,000. Nani mkweli? Wote, ila kila mmoja anazungumzia gari lake.

Elfu kumi inawezekana kwa oili ya sintetiki kamili (ile yenye maandishi "fully synthetic" kwenye galoni) na filta nzuri ya oili, kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami ndefu. Ukienda Dar, takriban kilomita 450, injini inapata moto sawasawa na unyevu ulioingia kwenye oili unakauka. Galoni la sintetiki ni ghali, lakini unalinunua mara moja wakati mwenzako ananunua mara mbili.

Sasa mtazame anayetoka Nkuhungu kwenda ofisini mjini, dakika kumi, anazima. Jioni hivyo hivyo. Jumamosi anakula vumbi la shambani Bahi. Injini haipati moto wa kutosha, petroli kidogo inachuruzikia kwenye oili, na vumbi linalopenya filta ya hewa iliyochoka linasaga ringi za pistoni. Vitabu vingi vya magari huita haya mazingira magumu na kupunguza muda. Huyu amwage kwa 5,000, au miezi sita, kinachotangulia. Mimi niko kundi hili.

Gari lililotembea sana, lenye kula oili? Usiliwekee 10,000 hata kwa sintetiki. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, uangalie kiwango kila wiki, injini ikiwa imepoa, gari likiwa kwenye tambarare.