Uzoefu wangu: kliniki ya kolesteroli kwa binti yangu wa miaka saba, na kile kimashine cha nyumbani

Namwandikia mzazi aliyeshika karatasi ya maabara na haelewi mtoto mdogo kapataje kolesteroli ya kiwango kile. Mwaka juzi mzazi huyo nilikuwa mimi. Nimetumia huduma mbili: mashine ya kupimia nyumbani, niliyoinunua kwa papara, na kliniki ya moyo ya watoto huko Dar es Salaam, yenye daktari na mtaalamu wa lishe. Mashine sitainunua tena. Kliniki nitaenda kila nikiitwa, ingawa kutoka kwetu Tanga kwenda na kurudi ni siku mbili zimekwenda.

Chanzo ni baba yake. Alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 38, si mnene, sigara havuti. Daktari wake alimvua soksi akambonyeza nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene, akakuta nundu ngumu ya kolesteroli iliyojikusanya. Miaka yote sisi tulidhani ni viatu. Akamuuliza mzee wake alifariki na umri gani. Miaka 44, ghafla, akiwa anatoka msikitini. Nyumbani siku zote tumesema ilikuwa presha.

Hapo ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna kolesteroli ya kurithi. Ini la mtu wa namna hii halina milango ya kutosha ya kuitoa LDL, ile kolesteroli mbaya, kwenye damu, kwa hiyo inazunguka mwilini tangu anazaliwa na kuganda taratibu kwenye mishipa. Takribani mtu 1 kati ya 250 anayo, na wengi hawajui. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Tukaambiwa watoto wote wawili wapimwe. Kaka mtu alitoka salama. Binti yangu, mwembamba kama ufito, hakutoka salama.

Maabara ya kwanza ilituyumbisha. Walitaka mtoto asile kwa saa 12, tukafika alfajiri analia njaa, halafu karatasi ikatoka imeandikwa LDL 236, na pembeni viwango vya watu wazima. Aliyetupa majibu akasema, "Imezidi kidogo tu mama, mpunguzie chipsi." Tulipopima tena Dar nikaona 6.1, nikamshukuru Mungu kwa sauti nikidhani imeshuka. Mtaalamu wa lishe akanikalisha chini: ni namba ileile, vipimo ndivyo tofauti. Ile ya kwanza ni miligramu kwa desilita, hii ni milimoli kwa lita. Ukitaka kulinganisha LDL, chukua ile kubwa ugawe kwa 38.67. Na kwa mtoto, LDL inayotakiwa ni chini ya 110 kwa hesabu ya kwanza, yaani 2.8 kwa hesabu ya pili. Kwa hiyo wangu alikuwa na zaidi ya mara mbili. Ukipewa karatasi, kabla ya kuogopa au kufurahi, tazama kwanza kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Pale kliniki walinieleza pia kwamba kwa kipimo cha kwanza si lazima mtoto akae na njaa.

Sasa kimashine. Nilikiagiza kwa simu kabla hatujapata nafasi kliniki, shilingi 190,000, na boksi la vijiti 10 likanigharimu 65,000 nyingine. Unatoboa kidole, unaweka tone la damu, unasubiri. Siku ya kwanza kilisoma kolesteroli ya jumla 6.9, dakika kumi baadaye kidole kingine 8.2. Mtoto yuleyule, hajala kitu katikati. Vijiti vimeandikwa visiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, na Tanga kuanzia Desemba hadi Machi hiyo ni ndoto. Kibaya zaidi, hakitenganishi LDL, na LDL ndiyo tunayoihangaikia. Nilikuwa namtoboa kila Jumamosi. Wiki ya nne alianza kuficha mikono chini ya mto akiniona nimeshika kile kimfuko cheusi. Nikaacha, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Daktari alipoambiwa alisema kolesteroli haibadiliki kama sukari hata ifuatwe kila wiki. Kipimo cha maabara kila baada ya miezi kadhaa kinatosha. Pesa zile ningenunulia samaki.

Kliniki yenyewe ina foleni. Tulifika saa moja asubuhi, tukamwona daktari saa saba mchana. Mara mbili tulikuta daktari amebadilishwa nikaanza hadithi upya. Hayo nayasema ili ujipange, beba chakula cha mtoto na kitu cha kuchezea. Lakini nikiwa ndani ya chumba, hakuna aliyenikimbiza. Daktari alimpima urefu na uzito, akamtazama macho, visigino na viwiko, akachora ukoo wetu kwenye karatasi: babu, baba, shangazi. Aliagiza kipimo kirudiwe mara ya pili, na kingine cha tezi ya shingoni, maana nayo ikilegea inaweza kupandisha kolesteroli. Hakutaka kumpa mtoto jina la ugonjwa kwa karatasi moja.

Aliyenibadilishia maisha ni mtaalamu wa lishe. Kijitabu chao kilikuwa cha kigeni, kimejaa samaki wa bahari za baridi na maziwa ya lozi. Akachukua kalamu, akakata, akaandika juu yake kwa mkono: dagaa, vibua, choroko, bamia, mchicha, dona, viazi vitamu. Akaniuliza, "Jana mmekula nini? Nitajie vyote, na mafuta uliyoweka." Nikataja wali wa nazi, maharage ya nazi, kisamvu cha nazi, asubuhi vitumbua. Nikajitetea: nazi inatoka mtini, haina kolesteroli. Akasema ni kweli haina, lakini ina mafuta mengi ya kuganda, na hayo yanalifanya ini lipunguze ile milango ambayo mwanangu tayari anayo michache. "Mafuta ya nazi kwenu wakati wa kipupwe si yanaganda kwenye chupa?" Yanaganda, ndiyo. Mwezi wa Julai tunayaanika juani kabla ya kupaka. Baada ya mfano huo sikuhitaji mwingine. Samli, mawese, mafuta ya ng'ombe, ngozi ya kuku, vyote nikaviweka kwenye fungu hilo.

Hakutufukuza kwenye chakula chetu. Kisamvu tunaunga kwa karanga za kusaga. Maharage nayaunga kwa nyanya, kitunguu na kijiko cha alizeti. Wali wa nazi umebaki wa Idi na harusi, na hapo natumia tui jepesi, kasimile naiacha. Asubuhi uji wa shayiri au dona badala ya vitumbua, na maziwa yaliyotolewa mafuta. Tunapika chungu kimoja kwa nyumba nzima ili mtoto asijione mgonjwa, na baba yake naye anahitaji hivyohivyo. Alinionya nisimkatie mafuta yote: mtoto anakua, anahitaji karanga, parachichi, samaki. Na mwenye umri chini ya miaka miwili asipunguziwe mafuta bila daktari kusema.

Mama mkwe ilikuwa kazi. "Mtoto mbavu zinahesabika, wewe unamnyima tui!" Jirani akaleta vitunguu saumu na ndimu kwenye chupa. Sikugombana na mtu. Safari iliyofuata nikamchukua mama mkwe twende naye, akasikia mwenyewe. Alipooneshwa ule mchoro wa ukoo, akamwona marehemu mumewe pale na alama yake, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kumbe tungepima?" Tangu siku ile tui likikamuliwa nyumbani ananiuliza kwanza.

Miezi minne ya chakula iliishusha LDL kutoka 6.1 hadi 5.4. Nilifanya kila kitu, na bado ilikuwa 5.4. Daktari aliniambia nisijilaumu, kwa kolesteroli ya kurithi chakula peke yake hupunguza sehemu ndogo tu. Alipofikisha miaka minane tukaanza rosuvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Nililia. Dawa ya kila siku, kwa mtoto ambaye hata haumwi! Akanieleza utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2019: watoto wenye ugonjwa huu walianzishiwa statini, yaani dawa za jamii hii, wakafuatwa miaka 20. Walipofika miaka 39, kama mmoja katika mia ndiye aliyekuwa amepata tatizo la moyo au mishipa. Kwa wazazi wao wenye ugonjwa uleule, katika umri huohuo, walikuwa 26 katika mia. Nikamtazama mume wangu na miaka yake 38. Tulianza usiku uleule.

Kabla ya kuanza walipima ini na misuli, wakarudia baada ya wiki kadhaa. Niliambiwa akilalamika misuli kuuma bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi, nisisubiri tarehe. Hajalalamika. Akishakuwa mkubwa ataelezwa habari za ujauzito, kwamba kabla ya kupanga kubeba mimba lazima azungumze na daktari kuhusu dawa hii. Usumbufu niliokutana nao ni upatikanaji: maduka ya dawa ya karibu yalikuwa na miligramu 10 na 20 tu, ya 5 naagizia Dar kwa basi, za miezi mitatu kwa mkupuo. Bima yetu haikuilipia.

Kipimo cha mwisho LDL ilikuwa 3.3. Lengo walilotupa ni chini ya 3.4. Urefu wake umeongezeka sentimita sita kwa mwaka, na darasani anakimbia kuliko wote. Kidonge anakimeza mwenyewe baada ya kupiga mswaki, kisha anatia alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani, na baba yake anatia yake pembeni kwa kalamu nyekundu.

Kliniki nawapa nyota nne, ya tano wataipata siku foleni ikipungua na kile kijitabu kikiandikwa upya kwa vyakula vyetu. Kimashine nyota moja. Wifi yangu wa Pangani ana watoto watatu, na hakuwahi kupima. Amekubali, Jumatatu tunakwenda naye maabara.