Telnet au SSH: njia ipi ya kuingia kwenye kisimbuzi kinapokataa
Kisimbuzi cha setilaiti kinachoendeshwa na Linux, kama vile Dreambox yenye programu ya Enigma2, huingiwa kutoka kwenye kompyuta na kupewa amri kwa mbali, kwa Telnet kupitia mlango (port) wa 23 au kwa SSH kupitia mlango wa 22. Telnet haina mengi ya kuharibika: ikigoma, aghalabu anwani ya IP imebadilika au huduma yenyewe imezimwa. Hata hivyo, nywila hupita mtandaoni ikiwa wazi, kwa hiyo isitumike kamwe nje ya nyumba.

SSH husimba mawasiliano yote, na kwa sababu hiyo ina mahali pengi zaidi pa kukwama. Mfumo ukiwekwa upya, ufunguo unaokitambulisha kisimbuzi kwa kompyuta hubadilika, na kompyuta hukataa kuunganishwa mpaka ufunguo wa zamani ufutwe kwa amri ya ssh-keygen -R ikifuatwa na anwani ya kisimbuzi. Vilevile, OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021, programu ya SSH ya upande wa kompyuta, iliacha kukubali saini za ssh-rsa (aina ya zamani ya kuthibitisha ufunguo) katika mpangilio wake wa kawaida, hivyo Dropbear ya zamani, yaani programu ya SSH iliyomo kisimbuzini, hukataliwa hata kabla nywila haijaulizwa. Hapo mimi huingia kwanza kwa Telnet, nikiwa nyumbani, ili kuweka nywila ya root (msimamizi mkuu) kwa amri ya passwd na kusasisha mfumo. Kisha hurudi kwenye SSH na kuizima Telnet.