Jibini, siki na mvinyo wa Via Emilia: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Kwenye rafu moja ya duka la vyakula mjini Modena, Italia, utakuta chupa ya siki ya balsamiki ya euro 5 na nyingine, ndogo kuliko hiyo, ya karibu euro 50. Zote mbili ni halali, zote zina jina la Modena, na muuzaji hadanganyi akikwambia zote ni nzuri. Ila ni vitu viwili tofauti. Hali hiyo utaikuta pia kwenye jibini, kwenye mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa na kwenye mvinyo, kote katika kipande cha barabara ya kale ya Via Emilia kati ya Bologna na Parma. Treni hukufikisha Modena kwa takriban nusu saa kutoka Bologna, na Parma kwa saa moja hivi, kwa hiyo umbali si tatizo. Kinachowagharimu wageni wengi ni kutojua kusoma alama.

Tuanze na hiyo siki, maana ndiko pesa nyingi hupotelea.

Chupa ya bei kubwa imeandikwa Aceto Balsamico Tradizionale di Modena na ina nembo ya DOP (jina la asili linalolindwa kisheria). Ndani yake kuna kitu kimoja tu: maji ya zabibu, hasa Trebbiano na Lambrusco, yaliyochemshwa polepole kwenye chombo kilicho wazi mpaka yakapungua na kuwa mazito. Baada ya hapo huingia kwenye msururu wa mapipa uitwao batteria, kila pipa dogo kuliko linalolitangulia, ya mbao za aina mbalimbali kama mwaloni, mforosadi na mcheri. Mapipa hukaa darini, na dari haikuchaguliwa kwa kukosa nafasi: joto la kiangazi huvukiza maji na kuharakisha uchachu, baridi ya majira ya baridi huituliza siki ikatua. Kila mwaka kiasi kidogo hutolewa kwenye pipa dogo kabisa, pengo likajazwa kutoka pipa linalofuata, hivyo hivyo mpaka pipa kubwa, ambalo hupokea maji mapya ya zabibu. Chini ya miaka 12 hairuhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Ikifika miaka 25 huitwa extravecchio. Kabla ya kutiwa kwenye chupa hupitishwa kwa jopo la waonjaji.

Tradizionale ya Modena hutambulika kwa macho tu, kwa kuwa chupa yake ni moja kwa watengenezaji wote: ya mililita 100, mviringo juu ya kitako cha pembe nne, iliyobuniwa na Giorgetto Giugiaro, mbunifu maarufu wa magari. Majirani wa Reggio Emilia wana chupa yao yenye umbo la ua la tulipu lililopinduliwa, na madaraja matatu ya lebo: aragosta (nyekundu ya kambamti), fedha na dhahabu. Kama chupa haina umbo mojawapo kati ya hayo mawili, si Tradizionale, hata iwekwe kwenye sanduku la mbao lenye nta na utepe.

Ile ya euro 5 ni Aceto Balsamico di Modena IGP (alama ya eneo, yenye masharti mepesi kuliko DOP), mchanganyiko wa siki ya mvinyo na maji ya zabibu, unaokaa angalau siku 60 tu, au zaidi ya miaka 3 ikiwa imeandikwa invecchiato. Hapa siri iko kwenye orodha ya viambato. Kikitangulia mosto d'uva (maji ya zabibu), siki ni nzito na tamu. Kikitangulia aceto di vino (siki ya mvinyo), ni nyepesi na kali, nzuri kwa saladi. Rangi ya karameli inaruhusiwa kidogo, lakini watengenezaji wazuri hawaihitaji. Tarakimu kubwa zinazopambwa kwenye chupa za IGP, 8 au 12 au 20, usizisome kama miaka. Chupa zilizoandikwa condimento ziko nje ya kanuni hizi mbili, na ubora wake unategemea kabisa nani ametengeneza, onja kwanza. Glassa au crema, ile inayochorwa juu ya sahani kama wino, imeongezwa viambato vya kuifanya nzito na haina sababu ya kubebwa kutoka Modena.

Uamuzi wetu: kwa kupikia, IGP yenye mosto mbele, ya kati ya euro 10 na 20. Kwa kuonja, Tradizionale ya miaka 12. Extravecchio ni bora, hilo halina ubishi, ila bei yake mara nyingi hukaribia maradufu na tofauti huisikii mpaka uinywe kwa kijiko bila kitu kingine. Kosa kubwa ni kuitia kwenye moto: harufu uliyoilipia huondoka na mvuke. Dondosha matone juu ya kipande cha jibini, stroberi au aiskrimu ya vanila. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu kinatosha. Friji haihitaji. Na zile mililita 100 zina faida isiyotajwa dukani: zinaingia ndani ya kikomo cha vimiminika kwenye mkoba wa mkononi wa ndege.

Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya hapa, ndiyo bidhaa yenye thamani bora kuliko zote za eneo hili, na ni vigumu kudanganywa ukiangalia ganda. Jina lake limechapwa kwa vinukta kuzunguka gurudumu zima la jibini, pamoja na namba ya kiwanda na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Hutengenezwa katika mikoa ya Parma, Reggio Emilia na Modena, na sehemu za Bologna na Mantova. Maziwa ya jioni huachwa usiku kucha, krimu iliyopanda ikaenguliwa, asubuhi yakachanganywa na maziwa mapya yasiyoenguliwa. Hayapashwi moto wa kuua vijidudu. Hutiwa kwenye sufuria kubwa ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa, yakaongezwa chachu ya jana na kimeng'enya cha tumbo la ndama (wasiokula chochote cha mnyama aliyechinjwa wazingatie), kisha maziwa yaliyoganda na kukatwakatwa hupikwa hadi takriban nyuzi 55. Gurudumu moja la kilo 40 hivi hula lita 550 za maziwa. Likishalowekwa karibu wiki tatu kwenye maji ya chumvi, huhamia kwenye rafu. Baada ya miezi 12 mkaguzi hupita na nyundo ndogo akiligonga na kusikiliza: sauti yenye uwazi huonyesha ufa au tundu ndani. Lililofaulu hupigwa chapa ya moto. Lenye kasoro ndogo huchongwa mistari sambamba kwenye ganda na kuitwa mezzano. Ni jibini nzuri ya kuliwa changa, na muuzaji mwaminifu huiuza kwa bei ya chini.

Umri gani? Miezi 12 hadi 18 ladha ya maziwa bado iko juu na jibini ni laini. Miezi 24 ndipo chumvi, utamu na ile chengachenga ya fuwele nyeupe vinapokaa sawa. Fuwele hizo ni tirosini, si chumvi wala ukungu. Miezi 36 jibini ni kavu, inavunjika yenyewe, ina harufu ya karanga na viungo. Zaidi ya hapo unalipia subira ya mwenye ghala, na ukali huanza kuifunika ladha. Anayenunua kipande kimoja tu achukue cha miezi 24. Mwenye nafasi ya viwili aongeze cha 36 na avionje kwa kufuatana, changa kwanza.

Nunua kiwandani, caseificio, ikiwezekana. Kazi hufanyika mara moja kwa siku, kila siku, asubuhi. Weka miadi mapema na uwe umefika saa mbili. Ukifika saa tano utakuta sakafu inaoshwa. Dukani, omba kipande kikatwe mbele yako na kifungwe bila hewa, sottovuoto. Vile vilivyokaa siku nyingi ndani ya plastiki nyembamba hutoa jasho na kuingia uchungu karibu na ganda. Iliyosagwa tayari usiiguse, kwani harufu yake huisha ndani ya siku chache. Nyumbani usiikate kwa kisu kama mkate: chomeka kisu kifupi chenye ncha, kizungushe, iache ipasuke yenyewe kufuata chembe zake. Ganda nalo haliwi taka; likwangue na ulichemshe kwenye supu ya maharage. Grana Padano inayowekwa jirani yake si bandia, ni jibini nyingine yenye kanuni legevu zaidi: ng'ombe wake huruhusiwa majani yaliyochachushwa, na huanza kuuzwa kwa miezi 9. Kwa kukunia juu ya pasta ya kila siku inatosha.

Prosciutto di Parma ni paja la nguruwe na chumvi ya bahari, basi. Hukaushwa kwenye vilima vya kusini mwa Parma, Langhirano ikiwa kitovu, kwa muda usiopungua miezi 14. Mkaguzi hulidunga kwa sindano ya mfupa wa farasi, ambayo hufyonza harufu na kuiachia upesi, akainusa baada ya kila mdungo. Alama ya kutafuta ni taji la ncha tano lililochomwa kwenye ngozi. Agiza un etto, yaani gramu 100, likatwe jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, mafuta yabaki, na ulile siku hiyo hiyo. Vipande vya pakiti hushikamana na kupoteza nusu ya raha. Culatello di Zibello, nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa bila mfupa itokayo nyanda zenye ukungu kando ya mto Po, ina ladha nzito zaidi na bei kali zaidi; jaribu sahani moja mkahawani kabla ya kununua nzima.

Asiyekula nguruwe ana kazi hapa. Tortellini, pasta ndogo, hujazwa nyama ya nguruwe, ragù (mchuzi wa nyama) ya Bologna mara nyingi huwa nayo, gnocco fritto (vipande vya donge la unga) kwa jadi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na hata donge la piadina, mkate mwembamba, linaweza kuwa na mafuta hayo. Neno la kuulizia ni strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Kimbilio zuri ni tortelli d'erbetta za Parma, pasta zilizojazwa jibini laini ya ricotta na majani kama spinachi, zikimiminiwa siagi na Parmigiano. Ni chakula kizuri kwa haki yake, si cha kufidia. Mikahawa mingi hufunga jiko la mchana saa nane na nusu na kufungua tena saa moja na nusu usiku. Coperto ya euro chache kwenye bili ni ada ya kawaida ya meza. Menyu inayotangaza spaghetti bolognese imeandikwa kwa ajili ya watalii: ragù huenda na tagliatelle, ambazo upana wake rasmi ukishapikwa ni milimita 8.

Lambrusco, mvinyo mwekundu wa povu wa eneo hili, imebeba sifa mbaya isiyoistahili. Miaka ya 1970 na 1980 aina tamu iliuzwa nje kwa wingi kama soda ya zabibu, na jina likabaki hapo. Nyumbani kwao hunywewa kavu (isiyo tamu), yenye povu, kwa sababu nyepesi sana: uchachu na mapovu husafisha mdomo baada ya mafuta ya prosciutto. Aina ya Sorbara ni ya rangi ya waridi iliyoiva, kali na nyepesi. Mzabibu wake hauwezi kujichavusha vizuri, hivyo hupandwa pamoja na mzabibu wa aina ya Salamino. Aina ya Grasparossa ni nyeusi, yenye ukakasi na mwili, inayofaa nyama. Kwenye lebo tafuta secco, yaani kavu. Amabile na dolce ni tamu. Inywe baridi kidogo, nyuzi 10 hadi 14, na ikiwa changa. Kuiweka miaka mitano ni kuiua.

Chaguo letu ni Sorbara kavu iliyochachuka mara ya pili ndani ya chupa, rifermentazione in bottiglia. Kwa kawaida haizidi euro 15 na ina uhai ambao zile zilizochachushwa kwenye matangi hazina. Ina mashapo chini, kwa hiyo isimamishe wima saa kadhaa kabla ya kufungua, mimina polepole, na acha vidole viwili vya mwisho ukitaka glasi safi. Ukisafiri nayo, ifungwe katikati ya nguo kwenye sanduku la mizigo, kisha ipumzishwe siku mbili au tatu kabla ya kufunguliwa. Iliyotikiswa njiani hufoka mpaka dari. Prosciutto na jibini ni suala jingine: nchi nyingi nje ya Umoja wa Ulaya huzuia nyama na maziwa mpakani, hata zikiwa zimefungwa bila hewa, kwa hiyo soma masharti ya forodha ya uendako kabla ya kulipia kilo tatu.