TAHADHARI wazazi wa Dodoma: vitofali vya kuchezea vyenye "vyakula" vinavyouzwa WhatsApp

Ndugu zangu, kama una mtoto mdogo na uko kwenye magrupu ya kuuza na kununua ya hapa Dodoma, soma hii kabla hujatuma hela. Kuna muuzaji anatangaza maboksi ya vitofali vya plastiki vya kujengea, yale ya mgahawa, yenye vipande vya umbo la chakula: cheri, karoti, ndizi, paja la kuku, soseji, piza. Anasema ni LEGO orijino, ile chapa maarufu ya vitofali, kutoka Ulaya. Ni feki, na vile vyakula vyake nusura vimuue mwanangu.

Nakaa Ilazo. Mwanangu wa kwanza ana miaka sita na mchezo wake ni mama lishe. Anapanga vizibo vya soda kama sahani, anakuuliza, "Ugali au wali? Na nyama au maharage?" Nilipoona tangazo lile siku chache kabla ya sikukuu yake ya kuzaliwa, moyo wangu uliamua palepale. Bei 95,000, ndani vyakula 40. Nikamuuliza muuzaji: nina mdogo wake wa mwaka mmoja na miezi minane, havitamdhuru? Akanijibu kwa sauti, na sauti hiyo ninayo mpaka leo: "Mama, hiyo ni ya kuanzia mwaka mmoja, imeandikwa kwenye boksi kabisa, ondoa wasiwasi." Nikamwambia nitafuata mwenyewe dukani. Akasema duka liko Sabasaba ila siku hiyo fundi anapaka rangi, atamtuma boda. Nikalipa. Jina lililotokea kwenye simu wakati nalipa halikufanana na jina la duka, wala na jina alilojitambulisha nalo. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Ninyi simameni hapo hapo.

Boksi likaja jioni, limefungwa nailoni, linapendeza. Vitofali vyenyewe nitavisema kwa kifupi. LEGO halisi ina jina lake limeandikwa juu ya kila kinundu, herufi ndogo sana, ila ukikigeuza kwenye mwanga unazisoma. Vya kwangu vilikuwa vitupu. Vingine havikamatani, vingine vikishakamatana huvitoi mpaka utumie meno. Zipo kampuni nyingine zinazotengeneza vitofali vinavyoingiliana na vya LEGO kihalali kabisa, kwa sababu hataza yake, yaani haki ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wake, iliombwa Denmark mwaka 1958 na muda wake uliisha zamani, na kampuni hizo zinaandika majina yao kwenye boksi. Hao sina neno nao. Huyu ameuza kwa jina la mwenzake na kwa bei ya mwenzake. Kama ingeishia hapo ningesema nimeliwa hela yangu, basi.

Shida kubwa iko kwenye vyakula. Vipande vya chakula mara nyingi havina vile vinundu, kwa hiyo alama ambayo wengi tumeambiwa tuitafute huioni, na hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. Jirani yangu ana mtoto aliyeletewa LEGO halisi na shangazi yake, akaniazima cheri moja nilinganishe. Ile halisi ni cheri mbili zilizoshikana kwa kikonyo, plastiki ngumu, na wekundu wake umechanganywa ndani ya plastiki yenyewe. Nimeikwaruza kwa ukucha, ni nyekundu ileile. Ya kwangu nilipoikwaruza, rangi ilitoka magamba kama rangi ya ukuta wenye unyevu, chini yake nyeupe. Nikaichukua nyingine nikailoweka kwenye kikombe cheupe chenye maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika kumi hivi maji yalikuwa ya waridi. Karoti ikaacha rangi kwenye vidole. Tena vyote vinanukia stroberi. Boksi ukilifungua tu harufu inakupiga, kama ya bablish.

Jamani, kitu kina umbo la tunda, rangi ya tunda, harufu ya tunda, na ukubwa wa njegere. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu atakifanyia nini zaidi ya kukitia mdomoni? Wenzetu wa Ulaya tangu mwaka 1987 wana sheria inayokataza bidhaa zisizo chakula lakini zinazofanana na chakula kwa umbo, harufu au rangi kiasi cha mtoto kuzichanganya na chakula na kudhurika. Na huyu anatuambia mzigo umetoka hukohuko Ulaya!

Ilikuwa Alhamisi usiku, mimi nakaanga samaki. Mkubwa amefungua mgahawa wake kwenye mkeka, mteja ni mdogo wake. Nawasikia: "Karibu mteja, leo tuna matunda." Halafu kimya. Kisha mkubwa akaita, "Mama, mteja haongei."

Nilipofika mtoto amekaa, macho yamemtoka, mdomo wazi, sauti haitoki. Wala hakohoi. Na midomo myekundu. Nilidhani ni damu. Nikamlaza kifudifudi kwenye mapaja yangu, kichwa chini, nikampiga katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, kama nilivyofundishwa kliniki nilipokuwa na yule mkubwa. Mara ya nne kikadondoka sakafuni. Cheri moja tu. Kikonyo kilikuwa kimekatika, zikawa mbili mbalimbali, na kila moja inaenea kooni mwa mtoto. Ule wekundu wa midomoni ulikuwa rangi.

Wengi wameniuliza kuhusu hili, kwa hiyo naliandika vizuri. Mtoto aliyekabwa ambaye bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kulia, mpige mgongoni mapigo hadi matano, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Kama hakijatoka na ameshavuka mwaka mmoja, msukume tumboni, juu ya kitovu, kwa ndani na kwenda juu, hadi mara tano, kisha rudia mgongo, huku mtu mwingine anatafuta usafiri. Aliye chini ya mwaka mmoja usimbane tumbo, unamsukuma kifuani. Na usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakizamisha.

Hospitali walimkagua, yuko salama, namshukuru Mungu. Daktari akaniambia jambo ambalo sikulijua: plastiki mara nyingi haionekani kwenye picha ya eksirei. Kwa hiyo mtoto akianza kikohozi cha ghafla au kukoroma akiwa anacheza na vitu hivi, mwambie daktari alikuwa anacheza na nini, hata kama picha imetoka safi.

Kurudi nyumbani nikalichukua lile boksi. Kwenye kona ya chini kushoto kuna stika ya njano imeandikwa "Miaka 1+". Nikaibandua kwa maji ya moto, polepole. Chini yake ilikuwepo ile alama ya uso wa mtoto iliyokatwa mstari, na 0-3. Yaani si kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Waliotengeneza boksi feki walinakili hadi onyo. Mtu mwingine, baada yao, akalifunika kwa mkono wake ili auze. Nimekaa na stika ile mkononi nikalia.

Nilimtumia picha. Akaandika, "Pole mama, nakurudishia nusu." Nilipomwambia sitaki nusu, nataka aache kuuza, akanifungia namba. Nimekwenda Sabasaba na picha ya duka lake, nimezunguka asubuhi nzima, hakuna anayelijua. Mpaka sasa nimepata akina mama wawili waliouziwa boksi hilohilo, mmoja Kisasa na mwingine Nkuhungu. Wote waliambiwa duka linapakwa rangi.

Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. Suala la bidhaa bandia liko Tume ya Ushindani, FCC, na la usalama wa bidhaa nimelipeleka Shirika la Viwango, TBS, pamoja na vipande vilivyobaki. Polisi nimeandikisha. Aliyeuziwa naye aende, maana mlalamikaji mmoja ni rahisi kuambiwa subiri.

Kama boksi tayari liko kwako, vyakula vyote vitoe leo, usimgawie mtoto mwingine wala usiuze. Na kwa midoli yoyote ile, ya kweli au feki, chukua lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kinachopita humo hakifai kwa aliye chini ya miaka mitatu. Hata LEGO halisi wanasema hivyo, ndiyo maana wadogo wamewatengenezea Duplo, vile vitofali vikubwa.

Namba ya huyu mtu siiweki hadharani. Ukitaka kulinganisha na uliyonayo, au una boksi na huna uhakika, nitumie picha inboksi: mbele, nyuma, na ile kona ya chini kushoto. Najibu kila mtu, hata usiku.